Mistari Mitatu ya Mahindi Barabarani

Ipo Jumamosi moja ya Majilio, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka rangi ya tope lililokuwa kwenye viatu vyangu. Nitakusimulia, ila keti kwanza, maana mimi si mtu wa kusimulia mbio mbio. Na nitakusimulia kwa Kiswahili, kwa sababu nusu ya ninyi vijana wa hapa mama zenu ni Wakuria, na Kijaluo changu mnakisikia kama redio iliyoishiwa betri. Consolata wangu yuko hapo jikoni, anasikia kila neno. Nikikosea atanisahihisha, hajawahi kuniacha nipite.

Kilichofanya nikuite ni hiki. Jana asubuhi nilikuwa natoka jumuiya, natembea polepole na fimbo yangu kwenye hii barabara yetu inayoshuka kutoka soko la Uriri mpaka mtoni, nikaona mtu ameanza kulima mapema. Amevuna, ametoa ng'ombe, amelima vizuri kabisa, kwa kazi yenyewe sina neno. Ila plau yake imeuvuka mkonge wa mpaka. Mstari mmoja tu, upana wa viganja viwili hivi, umeingia barabarani. Nikasimama pale muda mrefu mpaka kijana mmoja wa bodaboda akadhani nimepotea. Akaniuliza, "Kwara, babu yangu, nikupeleke nyumbani?" Nikamwambia asante mjukuu wangu, niko nyumbani tayari.

Sasa sikiliza.

Nilipokuwa na umri wako, hakuna mtu sehemu hii aliyenishinda kwa plau. Sijigambi. Ama basi, najigamba, nimeshazeeka, niache. Nilikuwa na maksai wanne niliowafunza mwenyewe, na mistari yangu ilinyooka hata ukiweka uzi hutapata kosa. Watu walikuja kutoka ng'ambo ya mto kunikodi. Wazee walipopita wakati nalima walikuwa wakisimama kuangalia, na mimi nilikuwa najua wanaangalia, basi nazidi kunyoosha mgongo. Kama kuna ugonjwa wa kujipenda, nilikuwa nao mpaka mifupani.

Barabara hii ilifyekwa na baba yangu na wenzake, kwa panga, kabla sijazaliwa. Walipima kwa njia yao. Waliweka mikokoteni miwili ya ng'ombe ubavu kwa ubavu na wakasema, hii ndiyo barabara, mtu na mwenzake wapishane bila hata mmoja kushuka. Baba alipofariki, shamba la upande wa kulia likawa langu. Upande wa kushoto lilikuwa shamba la jirani yangu Okumu.

Okumu hakuwa mtu wa kanisa lolote. Alikuwa akiamka asubuhi anaelekea jua linapochomoza, anatema mate kidogo, anaomba siku njema kama walivyoomba babu zake, halafu anaenda kazini. Mimi nilikuwa Mkatoliki wa kubatizwa utotoni, mwanachama wa jumuiya, mwimbaji wa sauti ya tatu, kwa hiyo nilimwona kama mtu wa chini kidogo. Hapo ndipo ugomvi ulipopata nafasi. Msimu mmoja plau ya Okumu ilichukua mstari mmoja wa barabara. Pengine ng'ombe waliteleza, sijui, hakusema. Mimi sikumuuliza. Msimu uliofuata nikachukua mstari mmoja upande wangu, nikajiambia narudisha haki. Yeye akachukua mwingine. Nami mwingine. Hatukuwahi kutukanana, tulisalimiana vizuri tu kila siku, na kila msimu tukaila barabara, yeye kule na mimi huku, kimya kimya, kama watu wanaokula sahani moja na hawatazamani.

Ilipofika mwaka ninaousema, barabara ya baba yangu ilikuwa njia ya mbuzi. Nilikuwa nimepanda mistari mitatu ya mahindi mahali mikokoteni ilipokuwa ikipita. Na ile mistari ilistawi kuliko shamba lote, kwa sababu udongo wa barabara ulikuwa umekusanya samadi ya ng'ombe wa miaka mingi. Nilikuwa nikiwaonyesha wageni mahindi hayo. Nilikuwa nikisema, tazameni, hii ni kazi ya mikono yangu.

Upande wa nyumbani mambo hayakunyooka hivyo. Nilikuwa nimemwoa Consolata, binti wa Rusinga, msichana aliyelelewa na ziwa. Miezi ya kwanza alilalamika kwamba upepo wa huku kwetu hauna harufu ya kitu chochote. Tulikaa miaka sita bila mtoto. Mimba mbili zilitoka, moja ikiwa na miezi mitano. Mama yangu alikuwa mtu mwema lakini alianza kutaja taja majina ya wasichana, akisema fulani amemaliza shule, fulani ana adabu, na wote tulijua anamaanisha nini. Consolata alikuwa akinyanyuka anaenda kuchota maji hata kama mtungi umejaa. Mwanangu, niliomba. Usiku na mchana niliomba. Niliweka nia ya misa, nilifunga, nilipiga magoti mpaka suruali zikachakaa.

Mimba ya tatu ikashika. Muuguzi wa kliniki akaniita pembeni na kuniambia maneno mawili tu. Uchungu ukianza usingoje. Asizae nyumbani, mlete hospitali Migori haraka, maana huyu anaweza kutokwa na damu nyingi. Nikaitika. Nikaenda sokoni nikaongea na mwenye pikapu, tukakubaliana kwamba nikituma mtu wakati wowote atakuja. Siku zilikuwa zimekadiriwa baada ya Krismasi. Nikajiona nimemaliza kila kitu kinachompasa mwanamume.

Ndipo katekista wetu akaniteua nisome somo Jumapili ya pili ya Majilio. Unalijua somo lile, la nabii, la sauti inayolia kwamba Bwana anakuja, watu wamtengenezee njia. Lo, nilifurahi. Siku zile kusoma mbele ya watu kwenye kigango chetu haikuwa jambo dogo. Nikawa nafanya mazoezi kila siku nikipalilia, nasoma kwa sauti kubwa katikati ya mahindi yangu, na ili upepo usinichukulie maneno nilikuwa nasimama pale mahindi yalipokuwa marefu zaidi. Yaani palepale kwenye mistari mitatu.

Alikuwepo mama mmoja mzee, Mama Dorsila, Msabato. Zamani alikuwa mkunga, nusu ya watu wa rika langu tulipokelewa na mikono yake, lakini zahanati ilipokuja alikubali kuacha, akasema wenye glavu waje wafanye. Alikuwa akipita pale kila siku na kikapu chake cha omena, dagaa wa ziwani, anazouza nyumba kwa nyumba. Siku moja akasimama kunisikiliza mpaka nikamaliza.

"Unasoma vizuri, baba," akasema.

"Asante, Dani," nikajibu, maana ndivyo tunavyomwita bibi.

"Sauti yako ni nzuri. Lakini mimi sikuoni. Umesimama wapi?"

Nikacheka nikatoka kwenye mahindi nijionyeshe. Hakucheka. Alitazama miguu yangu, akatazama kule kwa Okumu, akajitwisha kikapu chake na kuendelea kwa ule uchochoro tuliomwachia, mahindi yakimpiga mabega pande zote mbili. Nikasema moyoni, Wasabato hawana Majilio, huyu ataelewa nini.

Sasa ndiyo Jumamosi yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, ile mvua ya vuli inayokaa kama mgeni asiyejua kuaga. Kulipopambazuka Consolata akanishika mkono akasema, imeanza. Siku zilikuwa bado, lakini imeanza. Nikamtuma ndugu yangu mdogo mbio sokoni, na sifa kwa yule dereva, hakusita. Saa mbili na nusu nikasikia mlio wa gari ukishuka kilima. Nikamwambia Consolata, wamefika, simama mama, twende. Nikamfunga leso, nikabeba kikapu chake, tukatoka langoni.

Mlio ukabadilika. Unajua jinsi gari linavyolia likikwama, linakuwa kama linauliza swali lilelile. Kisha likanyamaza.

Kutoka langoni kwangu mpaka gari lilipokuwa ni kama hatua mia mbili. Tulitembea tukisimama, tukitembea tukisimama. Tulipofika nikaona. Gurudumu moja lilikuwa juu ya kile kipande kigumu kilichobaki cha barabara, na la pili lilikuwa limezama katika ardhi niliyoilima mimi, laini kama uji, mpaka ekseli. Dereva alikuwa amesimama kwenye tope, mikono kichwani.

"Ndugu yangu," akaniambia, "mimi nilipita hapa na mawe ya kanisa lenu. Barabara ilienda wapi?"

Mpaka leo, nikiwa nimesimama mbele ya watu, nikikumbuka swali lile nainama.

Tukasukuma. Mimi, dereva na ndugu yangu, tulisukuma mpaka mshipa ukanisimama shingoni, na kila tukisukuma linazidi kuzama. Nikamsikia Consolata nyuma yangu akisema kwa sauti ndogo kwamba hawezi tena kusimama. Akakaa chini. Akakaa katikati ya mahindi yangu mazuri, juu ya tope, binti wa watu niliyemtoa Rusinga na kuahidi kumtunza.

Wakati huohuo Wasabato walikuwa wanapanda kwenda kanisani. Nguo nyeupe, viatu mkononi, Biblia zimefungwa kwenye karatasi za nailoni. Mbele yao alikuwa Mama Dorsila. Hakuuliza habari. Aliwaambia wanaume wageuke watazame mtoni, akawaambia wanawake washike leso zao wazunguke, akavua kitambaa chake cheupe cha mabegani akakitandika chini pale topeni. Akaniambia mimi nikae nyuma ya mke wangu nimshike makwapa.

"Dani, mimi ni mwanamume," nikasema.

"Nimeona. Shika."

Nikashika. Sitasimulia mengine, hayo ni ya kina mama. Nitasema tu kwamba haikuchukua muda, na mtoto alipotoka hakulia.

Hakulia, mwanangu. Nilimwona mikononi mwa yule mzee, rangi ya jivu, mdogo. Mama Dorsila akamsugua mgongo, akamgeuza, akamfuta mdomo kwa kidole, akamsugua tena. Mahindi yalikuwa yanadondosha maji. Mimi niliyekuwa na maneno mengi ya sala, nilitafuta hata moja sikulipata. Nilisema tu, wewe, wewe, wewe, na hata sikujua kama namwambia mtoto au namwambia Mungu.

Kisha akalia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyecheleweshwa.

Na mimi nakuambia kitu ambacho sikumwambia hata padre kwa miaka mingi. Wakati ule nilijua Mungu yuko pale. Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Nilijua tu, kama unavyojua kuna mtu ameingia chumbani wakati umempa mgongo. Miaka sita nilikuwa namtafuta mbele ya altare, namtafuta kwenye ile mishumaa ya zambarau, na alikuwa amefika, na amefikia kwenye tope nililolitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Niliogopa sana. Nilifurahi pia, lakini hofu ilitangulia.

Mama Dorsila akamfunga mtoto, akanikabidhi. Ni msichana. Akaniangalia machoni, akasema polepole, bila ukali wowote.

"Miaka sita ulikuwa unaomba aje. Amekuja. Ulimwachia wapi pa kupita?"

Ndilo karipio lote. Hakuongeza neno, maana aligeuka kumtazama Consolata na uso wake ukabadilika. Damu ilikuwa haikatiki. Ilikuwa vilevile muuguzi alivyosema.

"Gari hili liondoke sasa," akasema. "Si baadaye. Nani ana panga?"

Nikamwelewa kabla hajamaliza. Nikampa mmoja wa kina mama mtoto, nikakimbia nyumbani nikaleta panga, nikaanza kukata mahindi. Yale yale, mwanangu. Yalikuwa yamebakiza wiki tatu kukomaa, mengine mahindi mawili kwa shina moja, niliyoyaonyesha wageni. Nilikata kutoka chini, wale Wasabato waliovaa suti wakawa wanayabeba na kuyapanga mbele na nyuma ya magurudumu, tope mpaka kwenye tai. Nilipoinua kichwa kupumua, nikasikia panga nyingine. Ni Okumu. Hakuna aliyemwita. Alikuwa upande wake, kifua wazi, anakata mahindi yake, anatupa barabarani, anakata, anatupa. Hatukusemezana. Akamaliza, akaenda nyumbani kwake, akarudi amebeba mlango kichwani. Alikuwa ameung'oa mlango wa nyumba yake ili Consolata alazwe juu yake.

Tukambeba kwa mlango wa Okumu mpaka garini. Mama Dorsila akapanda nyuma na mtoto, amekunja ngumi amebana mahali anapojua yeye. Watu wote wakasukuma, Wasabato, Wakatoliki, na mtu wa kuomba jua. Gurudumu likauma mabua, likateleza, likauma tena, gari likatoka likirudi nyuma mpaka juu kwenye udongo mgumu. Watu hawakupiga makofi. Okumu alijipangusa uso akaniambia, "Panda, mkeo anaondoka." Nikapanda.

Hospitalini walisema tungechelewa kidogo tu wasingekuwa na la kufanya. Waliposema hivyo nilitoka nje nikakaa kwenye ukuta.

Jioni Consolata alipopata nguvu ya kusema, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kesho ni zamu ya nani kusoma. Nikamwambia sisomi, nitamwambia katekista atafute mtu mwingine. Akanitazama vile wanavyotazama watu wa Rusinga, macho nusu.

"Utasoma," akasema. "Mara hii utakuwa unajua unachosoma."

Basi Jumapili nikaenda. Suruali yangu ilikuwa bado na tope, kwa sababu sikuwa nimerudi nyumbani. Nilipopanda kusoma, watu wote walishajua, habari huku kwetu haihitaji gari. Nilianza vizuri. Nilipofika mahali pa njia, sauti ilikatika. Nikajaribu tena, ikakatika tena. Nikafunga macho na kusema wazi wazi mbele ya kigango kizima kwamba njia inayotajwa hapa mimi niliilima, nikapanda mahindi, na jana nusura nimzike mke wangu na mtoto wangu ndani yake. Kisha nikasoma mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka. Nyuma kabisa, mlangoni, nikamwona Okumu amesimama, kofia mkononi. Hakuingia, lakini alikuwa amekuja.

Baada ya misa watu hawakwenda nyumbani. Walikuja hapa na majembe. Wakaleta mikokoteni miwili, wakaiweka ubavu kwa ubavu kama baba zetu walivyofanya, na tukafyeka mpaka ilipoenea. Okumu alipanda mkonge upande wake, mimi nikapanda upande wangu. Ndio huo mkonge mnaouona. Yeye ametangulia, Mungu amlaze pema, na mimi ndiye niliyeshika kona moja ya jeneza lake, na gari lililomleta kutoka mochari lilishuka barabara hii bila kuguswa na jani.

Mama yangu alitaka mtoto apewe jina la bibi aliyefariki. Nikakataa. Nikasema ataitwa Ayoo, aliyezaliwa njiani. Mama akaniuliza, "Unataka kila mtu ajue?" Nikamwambia ndiyo, mama, nataka kila mtu ajue, na kila nikimwita mtoto wangu kula nataka na mimi nijue.

Huyo ndiye Ayoo wenu. Anaendesha greda huko upande wa Mbita, mwanamke peke yake katika kikosi chao. Nimewahi kwenda kumwona akifanya kazi. Amekaa juu kule, kofia ya manjano, anashusha lile jembe la chuma pole pole na kuacha nyuma yake barabara iliyonyooka, na nikawaambia watu waliokuwa kando yangu, watu nisiowajua, yule ni binti yangu. Wengine walikuwa wamenisikia mara ya kwanza, lakini nilirudia. Ndugu za mama yake wakimwona anapita kwenda Rusinga wanatoka nje kumpungia. Mistari yake imenyooka kuliko yangu, na mimi nilikuwa hodari, nimeshasema.

Ana mchezo wake mmoja. Kila akikuta mkulima amelima mpaka ndani ya barabara, anasimamisha greda, ananipigia simu. Hasemi hujambo. Anasema tu, "Baba, leo nimekutana na wewe." Kisha anacheka, nami nacheka, na baada ya kukata simu natoka kwenda kuutazama mkonge.

Sasa, mwanangu, neno langu. Majilio ni kungoja, ndivyo wanavyotufundisha, na ni kweli. Lakini mtu anaweza kungoja kwa machozi, kwa kufunga, kwa sauti nzuri ya kusoma, na papo hapo anazidi kupanda mahindi mahali yule anayemngoja atapita. Mimi sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa nachukua mstari mmoja tu kila msimu. Mungu hakuja siku niliyokuwa tayari, alikuja siku ya mvua, kabla ya wakati, na alinikuta jinsi nilivyo. Alinipitisha kwa sababu mama mmoja mzee aliacha ibada yake na jirani mmoja aling'oa mlango wake. Kwa hiyo ukiomba kitu kikubwa, mke, mtoto, kazi, amani na ndugu yako, ukitoka kwenye magoti zunguka nyumba yako. Tazama umepanda nini barabarani. Kama ni neno ulilomnyima jirani, mpe. Kama ni haki unayojirudishia kidogo kidogo, iache. Ukikuta mahindi, yakate yakiwa mabichi, usingoje yakomae, maana yakikomaa utayapenda zaidi.

Kuhusu ule mstari mmoja wa jana, sitaenda kwa chifu. Sikuuliza ni wa nani kwa sababu sikuhitaji kuuliza. Nilifuata nyayo. Ng'ombe wa kushoto anaburuta mguu wa nyuma, na sehemu hii yote ng'ombe wa namna hiyo ni mmoja, nilimfunza mama yake mimi mwenyewe. Umelima vizuri, mwanangu. Nakwambia kama mtu anayejua plau, umenyoosha kama mimi, na nilijivuna nilipoona. Ndiyo maana nimekuita wewe peke yako na si mkutano.

Ayoo anakuja nyumbani Krismasi hii. Atashukia sokoni, atashuka kilima kwa miguu kama anavyopenda, na atafika pale kwenye mkonge, alipozaliwa. Simu yangu nitakuwa nayo mfukoni. Nisingependa ilie.

Jembe liko nyuma ya nyumba, chukua. Na Mungu unayemngoja akujie, mwanangu, akujie hata siku ya mvua, apite kwako bila kuguswa na jani, yeye na wote atakaowaleta. Ubarikiwe wewe na mikono yako.